Simu Iliyokaa Eda

Simu ilipofika, Khadidja alikuwa katika siku ya thelathini na moja ya eda, na kuketi alishakuzoea. Watu husema kuketi ni kazi rahisi. Watu hao hawajaketishwa. Katika nyumba ile ya Buyenzi, mjini Bujumbura, avenue ya kumi na mbili, mjane alipewa chumba cha nyuma chenye mkeka, godoro, birika la udhu na dirisha lililotazama ukuta. Akapewa pia wifi yake Mwanasiti amlinde, na ukishapewa Mwanasiti, kufuli la nini tena.

Mwanasiti alikuwa dada mkubwa wa marehemu Uthmani. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na hicho kitu hakukitaja kamwe. Alishazika waume wawili, eda zote mbili alizikaa bila kosa, kwa hiyo sheria alizijua zote, na pale sheria zilipokwisha aliongeza za kwake. Usitoke. Usijipake. Usicheke mpaka nje kukasikika. Siku ya nne, baada ya mtu fulani kuja kuuliza bei ya sanduku la spana za marehemu, akaongeza nyingine.

"Wifi, mutu akikuuliza kitu, kitu chochote, jibu ni moja tu. La. Mpaka siku zako ziishe. Mujane akisema ndiyo leo, kesho watu wanasema alikuwa anangojea."

"Sawa," akasema Khadidja.

Siku zile alisema sawa kwa kila jambo. Walimletea chai, sawa. Chai ikapoa, sawa. Walimwambia alie kidogo, inapunguza uzito wa kifua, akasema sawa, na hakulia. Mwanasiti alikuwa akimtazama pembeni mwa jicho, maana machozi ya mjane ni mali ya ukoo, na ukoo ulikuwa haujapata haki yake.

Aliyeileta simu ni msichana anaitwa Joëlla, aliyefanya kazi za ndani kule Maskati, jengo moja na Soumaya, binti pekee wa Khadidja. Joëlla alikuwa njiani kurudi kwao Gitega. Aliingia na sanduku la magurudumu, akavua viatu, akatoa pole, kisha akatoa simu mpya kabisa, nyembamba kama kipande cha kioo.

"Mama, geuka kidogo. Kulia. Kushoto. Njo hivyo, ndivyo. Sasa inakujua. Bila uso wako haifunguki."

Akaweka na namba za siri, akaziandika kwenye kikaratasi. Kikaratasi hicho Mwanasiti alikifagia siku hiyo hiyo, kwa sababu alikuwa mwanamke msafi.

Kisha Joëlla akasema maneno aliyotumwa. "Soumaya anasema, mukataba wake unaisha mwezi huu. Madamu anataka asaini miaka mbili ingine. Yeye hataki kuamua peke yake, baba yake hayuko tena. Atakupigia Ijumaa, saa sita ya huku. Madamu anamupatia simu yake saa moja tu kwa wiki, na hapendi vimesaji vije vije mule ndani. Kwa hiyo we ngojea tu, akipiga umwambie: asaini, ao arudi."

Jibu Khadidja alikuwa nalo tangu zamani. Neno moja: rudi. Lilikuwa ndilo kitu pekee kilichokuwa bado na joto ndani yake. Alilikunja, akalihifadhi, akaanza kuingoja Ijumaa.

Djibril, mdogo wa marehemu, alikuwa mlangoni akisikiliza. "Arudi afanye nini, shemeji?" akauliza. "Huku kuna nini?"

Yeye alijua huku kuna nini. Alikuwa na gereji na hakuwa na magari. Mafuta yalikuwa yamepotea mjini, na gari lisilotembea haliharibiki. Kwa hiyo Djibril alikula kwa kaka yake, na kaka alipofariki akaendelea kula kwa kaka yake, na chakula kilitoka Maskati kila mwisho wa mwezi.

"Atakula nini hapa?" akauliza tena.

"Sijui," akasema Khadidja. Na kweli hakujua.

*

Simu ilikuwa imetoka Uarabuni na maandishi yake yote yalikuwa ya Kiarabu. Kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kuiweka chini. Mwanasiti aliifunga kwenye kitambaa cheupe, akaiweka rafu moja na msahafu, sentimita chache chini yake, ijue adabu.

Khadidja alisoma madrasa miaka sita. Angeweza kusoma Kiarabu chochote ulichomwekea mbele, bila kukwama, na asielewe hata neno, kama wengi wetu. Jioni ile alipogusa app ya kupigia, kikajitokeza kisanduku cheupe chenye mistari miwili, na chini yake majibu mawili: moja refu, moja fupi la herufi mbili. Akasoma kwa sauti, akavuta panapovutwa, kama alivyofundishwa. Mwanasiti, aliyekuwa akipepeta mchele, akasema "Amina" aliposhusha pumzi.

"Inasema nini?"

"Sijui. Inauliza kitu."

"Na majibu?"

"Hili refu silijui. Hili fupi ni la."

"Basi, wifi, si nilikwambia?"

Khadidja akabonyeza la. Kikaja kisanduku kingine. La. Kingine. La. Simu ile iliuliza sana siku za mwanzo, na kila ilipouliza ilijibiwa kwa heshima, la. Mwishowe maswali yakapungua, kama mwanaume aliyekataliwa mbele za watu.

Iliyoanza kuwaaibisha ni app ya adhana. Joëlla aliiweka kama zawadi yake mwenyewe, yenye sauti nzuri ya muadhini wa kule. Nayo iliuliza swali lake, nayo ikajibiwa la, ikaadhini ilivyotaka. Adhuhuri iliita saa nne asubuhi, watu wangali na chai mkononi. Alasiri iliita kabla ya adhuhuri ya msikiti wa jirani kwisha vizuri. Magharibi ikawa saa kumi, jua bado linachoma mabati.

Ilivyotokea ni hivi. Jumatatu moja Mwanasiti alikuwa amefunga sunna. Mvua ilikuwa imetanda tangu mchana, na chumba cha nyuma kilikuwa na giza la kutosha. Simu ikaadhini magharibi. Mwanasiti akasema bismillahi, akala tende tatu alizozitunza tangu Ramadhani, akanywa kikombe cha uji, akasikia mwili umerudi. Akatoka uani na kikombe mkononi kwenda kukisuuza. Mvua ilikuwa imekatika. Jua lilikuwa juu kama sahani. Wanafunzi walikuwa wanatoka shule.

Jirani yao Dévote, mama wa Kikristo wanayetumia naye bomba moja, alikuwa anamenya mihogo. Akatazama kikombe, akatazama jua.

"Mama Mwanasiti, mumeshafungua? Dini yenu imepunguza saa?"

Mwanasiti aliingia ndani, akaigeuza simu uso wake ukutani, na tangu siku hiyo akaacha kuisalimia.

*

Ijumaa ya kwanza, saa sita, simu iliita. Picha ya Soumaya ikatokea, amefunga kitambaa cheusi, amekonda shingo. Khadidja akabonyeza kijani. Kikaja kisanduku cheupe. Akakisoma mpaka mwisho, maana hakupenda kuacha maneno yale katikati, na kidole kikaenda chenyewe pale kilipozoea. La. Picha ikatoweka.

Akangoja. Ikaita tena. Kijani, kisanduku, la.

Baadaye kikaja kimstari kidogo chenye mshale unaotazama chini. Akakigusa. Kisanduku. La.

"Rezo, mtandao haushiki," akasema Mwanasiti.

"Rezo," akakubali Khadidja.

Ijumaa ya pili ilikuwa hivyo hivyo, mpaka na mshale. Jumamosi yake Djibril alijitolea kuipeleka kwa mafundi wa mjini. Alirudi saa sita baadaye ananuka mishikaki.

"Shemeji, wale wameshindwa. Inataka uso. Fundi ameniambia, lete mwenye uso. Nikamwambia mwenye uso iko mu eda. Akasema basi, tungojee eda iishe."

"Itaisha lini?" akauliza Khadidja, ijapokuwa yeye ndiye aliyekuwa akihesabu.

"Siku tisini hivi. Si nyingi."

Djibril hakuonekana mtu mwenye huzuni. Alipoambiwa atafute fundi mwingine, akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Mwenyewe alikuwa na kisimu cha tochi, cha kubonyeza, kisichopiga mbali kuliko sokoni, kwa hiyo hapo hakuna wa kumlaumu.

Ijumaa ya tatu Khadidja alioga mapema, akabadili khanga, akakaa na simu mapajani kuanzia saa tano. Ikaita. Ikakatika. Ikaita. Ikakatika. Ukaja mshale wa tatu. Akauacha hapo chini ya ile mingine miwili, akairudisha simu kwenye kitambaa chake, akauliza kama mchele umeiva.

*

Aliyevunja kimya ni Dévote. Alikuwa ameleta bakuli la isombe ya majani ya mihogo, akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, akaona mjane anaitazama rafu.

"Mama Soumaya, kuna mutu anaitwa Méthode, anakaa Mutakura. Alikuwa mwalimu wa hesabu, sasa anatengeneza telefone. Ya kwaya yetu ilikuwa inaimba yenyewe katikati ya mahubiri, akaiponya. Nimuite?"

"Mwanaume?" akauliza Mwanasiti toka jikoni.

"Mama Mwanasiti, mi sijaona telefone inatengenezwa na kuku."

"Mujane hakai na mwanaume."

"Hawezi kukaa naye. Atakaa huku, yeye atakaa kule. Padri wetu anatusikiliza zambi kwa tundu, na haoni mutu."

Mwanasiti alifikiri jambo hilo usiku kucha, na asubuhi akaleta shuka la maua, akalipigilia misumari kwenye mlango kati ya chumba cha nyuma na sebule, lenye mikunjo miwili asionekane hata kivuli. Chini likaachwa pengo la shubiri moja.

Méthode alifika Alhamisi saa nne, kwa miguu toka Mutakura, kwa sababu mabasi yalikuwa yamelala kwenye foleni ya mafuta. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alipewa kigoda sebuleni, na Djibril kiti pembeni yake, amlinde. Dévote akasimama mlangoni, eti anangojea bakuli lake.

"Asalam aleikum, mama," Méthode akaliambia shuka.

"Aleikum salam, fundi," shuka likajibu.

Mwanasiti, upande wa mjane, akaweka simu kwenye sinia la alumini na kulisukuma chini ya pazia. Méthode akaichukua, ikawa imeshajifunga. Akairudisha kwenye sinia. Sinia likaingia ndani, simu ikamtazama Khadidja, ikafunguka, sinia likatoka mbio. Méthode akagusa mara tatu, akapangusa jasho la miwani, ikajifunga.

"Na namba za siri?"

"Zilifagiwa," akasema Djibril.

Sinia likaingia. Sinia likatoka. Dévote alihesabu mpaka mara saba, kisha akakaa chini, magoti yalikuwa yanamuuma kwa kucheka.

"Mama," akasema Méthode, "nibadilishe iseme Kifaransa, nitamaliza haraka."

"Utoe maneno ya Mungu uweke ya nani?" akauliza Mwanasiti.

"Mama mukubwa, hapa imeandikwa betri."

"Hujui Kiarabu, umejuaje?"

"Kiarabu sijui. Ila mi nilifundisha darasa ile ile miaka kumi na tano. Hata wakipaka ukuta rangi ingine, najua mulango uko wapi." Akashusha pumzi. "Basi tufanye hivi. Nitasema pa kubonyeza, mama atabonyeza huko huko ndani, anisomee kinachotokea."

Ikawa hivyo. Fundi akaelekeza pazia. Ya nne kutoka chini. Bonyeza. Nyuma. Ya kwanza kabisa. Soma. Na Khadidja akasoma mipangilio ya simu kwa sauti ya madrasa, taratibu, iliyonyooka, mpaka mtu aliyepita nje akavua kofia.

"Amina," akasema Mwanasiti, kabla hajakumbuka kwamba wamegombana.

"Mbele ya hiyo uliyosoma, kuna kifungo. Iko na rangi ao iko nyeupe?"

"Nyeupe."

"Ya chini yake?"

"Nyeupe. Zote nyeupe."

Méthode akaisukuma miwani juu ya pua. Kisha akauliza kwa sauti ya mwalimu ambaye ameshaliona kosa, anataka tu mwanafunzi alitaje mwenyewe. "Mama, ilipokuwa inakuuliza, ulikuwa unajibu nini?"

"La."

"Mara ngapi?"

"Zote."

Djibril akakohoa. Dévote akamwita Mungu kwa Kirundi, "Mana yanje."

"Sikiliza, mama. Telefone ni darasa. Kila app ni mutoto, anaomba ruhusa. Huyu wa kupiga aliomba ruhusa ya kusema, ukamukatalia. Aliomba mahali pa kuweka vitu anavyoletewa, ukamukatalia. Huyu wa adhana aliomba kujua tuko mji gani, ukamukatalia, akabaki anafikiri iko Maskati. Haijaharibika hata moja. Wamekaa tu, wamefunga midomo, wanakuheshimu."

Nyuma ya shuka, Mwanasiti alikuwa ameinamisha kichwa, anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Nilimwambia ni hivyo kwa watu," akasema hatimaye, pasipo kuulizwa. "Sikumwambia kwa mashini."

"Sasa bonyeza kila kifungo nyeupe ya huyu wa kupiga, mama. Kiwe na rangi."

Akabonyeza. Kimoja, kingine, kingine. Havikuuma.

"Rudi kwenye ile ya kupiga. Kuna nini?"

"Mishale mitatu."

"Gusa ya kwanza. Hizo ni sauti. Mutu alikutumia sauti."

Khadidja akagusa. Mshale ukazunguka, ukageuka pembetatu. Hakujua sauti ya simu hupunguzwa wapi, na hakuna aliyefikiri kumwambia. Kwa hiyo Soumaya akasema ndani ya nyumba nzima, pande zote mbili za pazia.

"Mama, asalam aleikum. Ni mi. Napiga, inalia, inakata. Mama, madamu ameleta karatasi. Nisaini ao nirudi? Baba hayuko, sina mwingine wa kuuliza. Mi naota ndagala, vidagaa vya kwetu, mama, naota nakula ndagala na mikono. Ukisema rudi, narudi. Nijibu hata kidogo."

"Ya pili," akasema Méthode, polepole, kwa sababu mtu alipaswa kusema kitu.

"Mama, ni Ijumaa ingine. Hujanijibu. Nimefikiri, labda baba mudogo Djibril iko pembeni yako, huwezi kusema. Najua nyumba inakula kwa mikono yangu, mi si mutoto. Mama, tufanye hivi. Kama ni kurudi, nitumie neno moja tu. Kama ni kusaini, we nyamaza. Si Maalimu alitufundisha, kimya ya mwali ni radhi? Na ya mama iwe hivyo. Usione haya. Nyamaza tu, mi nitaelewa."

Djibril alitazama vidole vyake vya miguu. Dévote alikuwa ameacha kucheka muda mrefu, lakini mdomo ulibaki wazi.

"Zima," akanong'ona Mwanasiti. "Wifi, zima hiyo."

Khadidja akagusa ya tatu.

"Mama, nimeelewa. Nimesaini leo asubuhi. Pasipoti imerudi kabatini kwa madamu, amefurahi, amenipa shati lake moja. Miaka mbili si mingi. Mi sijakasirika, mama, usifikiri. Sasa tusiongelee tena hiyo. Tuongee mambo ingine, ukipata nafasi."

"Alhamdulillahi," likamtoka Djibril, kabla hajalizuia.

Hakuna aliyemgeukia. Ndani hapakusikika kilio, wala kwikwi, wala mtu kujisogeza mkekani. Mwanasiti alimtazama mjane moja kwa moja safari hii, si pembeni mwa jicho. Simu ilikuwa imejifunga tena, nyeusi, mikononi mwake. Khadidja akaiinua mbele ya uso wake. Ikamtambua mara moja. Uso ulikuwa ule ule, haukubadilika hata kidogo.

"Imefunguka," akasema. "Fundi, nifanye nini tena?"

"Apana, mama. Imekwisha." Méthode akavua miwani, akaivaa. "Imebaki ile ya adhana, ila betri inakata. Nitarudi Jumamosi."

"Na pesa yako utapewa Jumamosi hiyo hiyo," akasema Djibril haraka.

Méthode akarudi Mutakura kwa miguu.

*

Ijumaa, saa sita, simu ikaita. Khadidja akabonyeza kijani. Hakikuja kisanduku chochote.

"Mama?"

"Eeh."

"Mama! Unanisikia?"

"Nakusikia."

Kule ng'ambo pakawa na kelele ya mtu anayelia na kucheka kwa pamoja, kisha bomba la maji likafunguliwa ili madamu asisikie. Khadidja akangoja. Aliulizwa anakula, akasema anakula. Akaulizwa mgongo, akasema upo. Akamuuliza na yeye kama wanampa chakula cha moto, akaambiwa siku zingine. Walizungumza habari ya bei ya mchele, na ya paka wa Dévote, na jinsi baba alivyooshwa na nani alishika miguu. Sauti ilikuwa safi mpaka ukasikia pumzi. Djibril alikuwa sebuleni, kwenye kigoda cha fundi, karibu sana na shuka.

"Mama," akasema Soumaya. Bomba likafungwa. "Ile kimya yako. Maana yake uliridhia, eeh? Mi usiku silali. Nafikiri, labda nilielewa vibaya. Uliridhia?"

Neno lilikuwa palepale Khadidja alipoliweka. Alilipapasa kwa ulimi. Halikuwa na joto tena, lilikuwa kama chai ile waliyomletea. Angelitoa sasa, lingekwenda wapi? Pasipoti ilikuwa kabatini. Mtoto angelala nalo miaka miwili.

Mwanasiti alikuwa ameacha kila alichokuwa akifanya. Midomo yake ilisogea, lakini safari hii hakumfundisha mtu jibu.

"Naam," akasema Khadidja. "Niliridhia, mwanangu."

"Yoo, mama. Alhamdulillahi. Nilifikiri umenikasirikia."

"Apana."

"Basi nalala leo."

"Lala."

Saa moja ya madamu ilipokwisha, picha ikaondoka. Sebuleni Djibril alisimama, akajinyoosha, akasema shemeji amefanya jambo la busara sana, na je, kile chakula cha mchana kimeshaiva? Mwanasiti akatoka nyuma ya pazia. Alimpita shemeji wa watu, ambaye alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, akaenda jikoni, akaifunika sufuria kwa sahani, na juu ya sahani akaweka jiwe la kusagia.

"Kimeiva," akasema. "Kwa anayelipa fundi."

Djibril akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaangalia jiwe. Kisha akatoka kwenda kutafuta.

*

Jumamosi Méthode alirudi, akahesabiwa pesa zake na Djibril noti moja moja, kila noti ikiagwa kama msafiri. Akaketi kwenye kigoda. Sinia likatolewa.

"Ni dakika moja tu, mama. Utabonyeza kifungo kimoja, itajua kwamba tuko Bujumbura. Adhana zitakuja saa zake."

"Irekebishe kabisa!" akasema Mwanasiti. "Iliniharibia funga yangu mbele za watu. Mpaka leo Dévote akiniona na kikombe anatazama juu."

Khadidja alikuwa ameishika simu, kidole juu ya kifungo cheupe.

"Fundi," akauliza. "Hizi saa inazoita sasa, ni za wapi?"

"Ni za kule ilipotoka. Za Maskati."

"Kule wanasali saa hizi kweli? Haikosei?"

"Haikosei hata dakika. Inakosea hapa tu."

Khadidja akatoa kidole. "Basi iache."

"Wifi!"

"La," akasema Khadidja. Alisema bila kupandisha sauti, na Mwanasiti, aliyemfundisha neno hilo mwenyewe, hakupata la kuongeza. "Hiyo haina ugonjwa."

Méthode akalirudisha sinia chini ya pazia. Akaaga shuka, akachukua viatu vyake.

Saa kumi jua lilikuwa bado juu ya mabati, na watoto walikuwa wanagombania mpira uani. Rafuni, chini kidogo ya msahafu, simu ikaadhini magharibi, sauti nzuri, haina haraka.

"Mama Soumaya!" akaita Dévote kutoka bombani. "Telefone yako inadanganya tena!"

Khadidja aliweka tasbihi chini, akageuza uso upande ilikotoka sauti, akangoja mpaka adhana ikaisha, na baada yake muda ule unaomtosha mtu kutawadha kwenye jiko la watu, kutandika kipande cha nguo, kusali rakaa tatu na kurudi kwenye vyombo. Kisha akaokota tasbihi yake, akaendelea kuketi.

Yeye alikuwa amebakiza siku sabini na tano. Mwenzake, miaka miwili.